Kijiji cha Watu Ishirini na Halmashauri Yake

Ukipita katika nyanda za juu za Vysočina, katikati ya Jamhuri ya Cheki, ukataka kujua kama kundi fulani la nyumba ni kijiji kinachojitawala au ni kitongoji tu cha kijiji jirani, usipoteze muda kutazama ukubwa wake. Tafuta ubao rasmi wa matangazo. Kwa kawaida husimama karibu na kituo cha basi au kikanisa kidogo chenye kengele: sanduku la kioo lenye kufuli, lililoezekwa kipaa kidogo, na ndani yake karatasi zilizobanwa kwa pini. Sheria inataka taarifa ya kikao cha halmashauri ibandikwe siku 7 kabla, na rasimu ya bajeti siku 15 kabla ya kujadiliwa, ili kila mkazi apate nafasi ya kuisoma. Katika baadhi ya vijiji hivi wakazi wote, pamoja na watoto, wangeweza kusimama mbele ya ubao huo kwa wakati mmoja na kila mmoja akaona maandishi.

Mfano ulio wazi ni Vysoká Lhota, katika wilaya ya Pelhřimov. Wakazi wake waliosajiliwa ni kama 20. Idadi hupanda akizaliwa mtoto na kushuka akifariki mzee, na kwa miaka mingi kijiji hiki kimekuwa kikitajwa miongoni mwa vilivyo vidogo kabisa nchini. (Mji wa Pelhřimov wenyewe una jumba la makumbusho la rekodi na vioja, kwa hiyo mwenye kutaka kukistaajabia kijiji hana haja ya kwenda mbali.) Pamoja na udogo huo, Vysoká Lhota ni obec kamili. Neno hilo la Kicheki ndilo jina la mamlaka ya chini kabisa ya serikali za mitaa, iwe ya kijiji au ya mji: obec ina mali yake, bajeti yake, halmashauri inayochaguliwa kila baada ya miaka 4, na kiongozi aitwaye starosta, ambaye kwa msomaji wa Tanzania anafanana kidogo na mwenyekiti wa kijiji, ila obec anayoiongoza hupokea moja kwa moja fungu la kodi za taifa. Sheria ya mwaka 2000 inataka halmashauri ya kijiji chenye watu wasiozidi 500 iwe na wajumbe kati ya 5 na 9. Watu 5 kati ya 20 ni robo ya kijiji. Ukiondoa watoto na wagonjwa, karibu kila nyumba ina diwani wake.

Mpe mhasibu hesabu hizo naye atauliza swali ambalo wataalamu wengi mjini Praha wamekuwa wakiliuliza kwa miaka mingi: kwa nini vijiji hivi visiunganishwe? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba anayeuliza hivyo anatazama mzigo wa makaratasi na kudhani ndio utawala wenyewe, na kwamba kinachofaa kuondolewa kijijini ni huo mzigo, wala si haki ya kuamua.

Jina Lhota lenyewe linasaidia kulieleza jambo hili. Asili yake ni neno linalomaanisha muda uliowekwa. Katika karne za kati mabwana wa ardhi na nyumba za watawa waliwaita walowezi waingie katika misitu iliyofunika vilima hivi, wakawapa miaka kadhaa bila ushuru ili wakate miti, wang'oe mawe na kujenga. Muda ukiisha, malipo yanaanza. Cheki ina Lhota zaidi ya 300, na ndiyo maana huongezewa sifa ili zisichanganywe: ya juu, ya chini, mpya, ndefu. Vysoká ni ile iliyo juu. Hakuna aliyehamia huku kwa kuvutiwa na rutuba. Udongo ni mwembamba, wenye mawe, na baridi hukawia kuondoka. Kilele kirefu kuliko vyote, Javořice, kina mita 837 tu, lakini zinatosha kuifanya nchi hii kuwa ya viazi kuliko ya ngano. Watu walikuja kwa mapatano, kwamba wao wavumilie na bwana asiwatoze. Kwa hiyo hesabu ya gharama na faida ya kijiji kidogo haikuletwa na mhasibu wa karne hii. Ilikuwapo tangu mti wa kwanza ulipoangushwa.

Kitaifa hali iko hivi. Jamhuri ya Cheki ina watu karibu milioni 10.9 na obec zipatazo 6,250, na zaidi ya nusu ya hizo zina wakazi wasiofika 500. Mkoa wa Vysočina peke yake una zaidi ya 700 kwa watu kama nusu milioni. Polandi, yenye watu zaidi ya mara tatu, ina mamlaka za ngazi hiyo zisizofika 2,500, na Denmark ilizipunguza zake kutoka 271 hadi 98 kwa mkupuo mmoja mwaka 2007. Anayeutaka muungano ana mifano ya kutosha mkononi.

Lakini Wacheki wana mfano wao wenyewe, nao ndio unaowafanya wengi washtuke wakisikia neno muungano. Mwaka 1950 nchi ilikuwa na obec zaidi ya 11,000. Utawala wa Kikomunisti ulipoanguka mwishoni mwa 1989 zilikuwa zimebaki kama 4,100. Katika miaka ya 1970 wapangaji waliyagawa makazi katika madaraja. Kijiji kilichoandikwa kuwa kituo kilipata shule, duka, barabara na vibali vya ujenzi, na kile ambacho hakikuandikwa kiliachwa kinyauke. Haikuhitajika kubomoa nyumba ya mtu. Ilitosha kumnyima kijana kibali cha kujenga kwenye kiwanja cha babake, naye akafungasha na kwenda kuomba chumba katika maghorofa ya Jihlava au Brno, na baada ya miaka ishirini shule ya kijijini ikafungwa kwa sababu halali kabisa ya kukosa watoto. Halafu takwimu za watoto kupungua zikatumika kama ushahidi kwamba wapangaji walikuwa sahihi tangu mwanzo.

Sheria ya 1990 ilipofungua mlango wa kujitenga, vijiji takribani elfu mbili vilijitoa katika ndoa hizo za kulazimishwa ndani ya miaka michache tu. Wachambuzi wengine huliita wimbi hilo hasira za kitoto. Mimi naliona kama hesabu iliyofanywa na watu wanaokumbuka vizuri ni nani aliyepata taa za barabarani na nani aliyekosa. Tena kuna jambo ambalo wapenda muungano hawalitaji mara kwa mara: tangu sheria ya mwaka 2000, obec mpya haiwezi kuundwa pasipokuwa na wakazi wasiopungua 1,000. Mlango huo unafunguka upande mmoja tu. Kijiji cha watu 20 kikijifuta leo, hakuna namna kitakavyorudi.

Ardhi nayo ina kisa chake. Sheria ya vyama vya ushirika vya kilimo ya mwaka 1949 haikupokelewa kwa furaha na wakulima wa Vysočina, wengi wao Wakatoliki wenye mashamba madogo waliyoyatolea jasho, na serikali ikatumia mahakama kuwatia hofu. Kesi zilizofuatia mauaji ya viongozi watatu wa kijiji cha Babice, wilaya ya Třebíč, mwezi Julai 1951, zilileta hukumu 11 za kifo, baadhi zikiwa za mapadri. Baada ya hapo mipaka ya mashamba ikafutwa kwa trekta. Sheria ya 1991 iliwarudishia wenyewe au warithi wao ardhi hiyo, lakini warithi walikuwa wamekwisha kuwa wahandisi na wauguzi mijini, wakaikodisha kwa ushirika uleule uliobadilisha jina au kwa kampuni iliyourithi. Leo wastani wa shamba moja nchini Cheki unapita hekta 100, mkubwa kuliko karibu kote katika Umoja wa Ulaya. Mtu anaamka asubuhi kijijini, anafungua dirisha, anaona ardhi ya babu yake, na dereva anayeilima ametoka kijiji cha tano kutoka hapo.

Nyumba zilizoachwa zilipata wenyewe wapya, wale Wacheki wanaowaita chalupáři, watu wa mjini wanaokuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Bila wao mapaa mengi yangekuwa yameshaanguka. Kodi ya majengo wanayolipa huingia yote katika hazina ya kijiji, na ada ya taka wanaitoa pia, lakini wamesajiliwa mjini, hivyo hawapigi kura hapa na hawahesabiwi kijiji kinapogawiwa kodi za taifa. Jumamosi ya Julai kijiji huweza kuwa na watu mara mbili au tatu ya wale walioandikwa, na bomba la maji halijui nani amesajiliwa wapi.

Sasa tuje kwenye mzigo, maana hapa mhasibu ana hoja nzito. Kijiji cha watu 20 kinatakiwa kuwa na kisanduku rasmi cha barua za kielektroniki kama ulivyo mji wa Brno. Kinatakiwa kuyaweka mtandaoni matangazo yote yanayobandikwa kwenye ule ubao wa kioo. Tangu 2018 kinatakiwa kuwa na mtu anayesimamia ulinzi wa taarifa binafsi. Hesabu zake hukaguliwa kila mwaka. Sheria ya 1985 inakitaka kiunde kikosi cha zimamoto, ambacho huku huwa ni cha kujitolea. Na sheria ya 2006, iliyorithi desturi iliyowekwa kisheria tangu 1920, inakitaka kitunze kitabu cha kumbukumbu, ambamo kila mwaka huandikwa nani amezaliwa, nani amefariki, mvua ilinyesha vipi na mti gani uliangushwa na dhoruba. Sharti hili la mwisho nalipenda kuliko mengine yote. Si dola nyingi zinazomlazimisha kwa sheria mtu wa kijijini aandike historia. Lakini mtu huyo huyo, starosta, mara nyingi ana kazi nyingine ya mchana, iwe ya udereva, ualimu au kiwandani, na ofisi huifungua jioni moja kwa wiki kwa saa mbili. Katika saa mbili hizo ajibu barua za wizara, atafute mtu wa kusafisha theluji na amsikilize jirani anayelalamikia jogoo wa jirani mwingine.

Udogo una sumu yake pia. Palipo na wapiga kura 15, watu watatu wanaojisajili wiki chache kabla ya uchaguzi wanaweza kuiangusha halmashauri, na mahakama za Cheki zimewahi kubatilisha matokeo ya chaguzi za vijiji vidogo kwa sababu ya usajili wa hila wa namna hiyo. Ugomvi wa mpaka wa bustani hugeuka siasa. Na kijiji kikikosea hesabu hakina kifua cha kuhimili: Prameny, kilicho magharibi mwa nchi karibu na mpaka wa Ujerumani, mbali na Vysočina, kilijitwisha madeni makubwa hadi watu wakakosa hamu ya kugombea, kikawa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtu anayesema vijiji vidogo ni pepo ya demokrasia hajawahi kukaa katika kikao ambamo wajumbe wawili ni mtu na shemeji yake.

Maisha ya kila siku hayahitaji maelezo marefu. Duka lilifungwa zamani katika vijiji vingi, na lililobaki mara nyingi huendeshwa kwa ruzuku. Baa ya kijiji, hospoda, nayo imezidi kupotea, na wenyeji hutaja sababu kadhaa, kuanzia marufuku ya kuvuta sigara ndani iliyoanza mwisho wa Mei 2017 hadi ukweli kwamba bia ya chupa inanunuliwa kwa bei nafuu zaidi mjini. Wanaobaki kuwakusanya watu ni wazimamoto wa kujitolea. Usiku wa tarehe 30 Aprili, baada ya moto mkubwa wa kuchoma sanamu za wachawi zilizotengenezwa kwa majani makavu, vijana husimamisha mti mrefu uliomenywa gome na kupambwa kileleni, kisha huulinda hadi alfajiri, kwa sababu vijana wa kijiji jirani wakiupitia na msumeno itakuwa aibu ya mwaka mzima. Kijiji cha watu 20 huulinda kwa msaada wa wajukuu wa wikendi, na hakuna anayeuliza wamesajiliwa wapi.

Ningeweza kuishia hapo na kusema mila ni nzuri, lakini mila haihitaji halmashauri. Kitongoji kisicho na mamlaka kinaweza kusimamisha mti vilevile. Thamani ya kujitawala huonekana linapokuja jambo kubwa kutoka nje, na nyanda hizi zimeyaona mengi. Bwawa la Švihov kwenye mto Želivka, lililojengwa kati ya 1965 na 1975 ili kuipa Praha maji, liliufunika mji mdogo wa Dolní Kralovice na vijiji kadhaa. Kituo cha nyuklia cha Dukovany kilivifuta Skryje, Lipňany na Heřmanice. Kwa haki niseme kwamba wakati ule hata halmashauri ingekuwapo isingefua dafu, kwa kuwa amri ilitoka katika chama. Baada ya 1990 ndipo saini ya kijiji ilipopata uzito.

Kuanzia miaka ya ukame iliyofikia kilele chake karibu na 2018, mdudu mdogo anayetafuna chini ya gome aliishambulia misitu ya misprusi, miti ya jamii ya msonobari, iliyopandwa kwa safu katika mkoa mzima, akaiua kwa kasi ambayo misumeno haikuweza kuifikia. Vijiji vingi vilikuwa na misitu yao na viliishi kwa mbao. Bei ya mbao ikaporomoka kwa sababu kila mtu alikuwa anauza kwa wakati mmoja, na juu ya hasara hiyo sheria inamtaka mwenye msitu apande upya. Halmashauri ndogo zikalazimika kuamua wenyewe: wapande misprusi tena kwa kuwa ndiyo wanayoijua, au wachanganye na mibichi na mialoni ambayo wajukuu ndio watakaoivuna. Shirika kubwa la mbao huliamua jambo kama hilo kwa jedwali. Kijijini waliamua watu ambao kila siku hutembea katika msitu huohuo.

Jambo zito zaidi ni taka za nyuklia. Mwezi Desemba 2020 serikali ya Cheki ilibakiza maeneo manne ya kuchunguzwa kwa ajili ya hifadhi ya kuzika chini sana ardhini mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika. Mawili kati ya hayo, Horka katika wilaya ya Třebíč na Hrádek katika wilaya ya Jihlava, yako Vysočina, kwa sababu ya ule mwamba mgumu uliowatesa walowezi wa karne za kati. Hifadhi imepangwa kuanza kazi mwaka 2050. Vijiji vya maeneo haya, vingi vikiwa na watu mia chache tu, vilijiunga katika jukwaa moja la upinzani, vikaitisha kura za maoni za wenyeji, ambazo kisheria huhitaji asilimia 35 ya wapiga kura ili ziwe halali, na baadhi ya pingamizi zikafika mahakamani. Sheria mpya ya mwaka 2024 kuhusu utaratibu wa hifadhi hiyo haikuwapa haki ya kukataa, na viongozi wa vijiji waliilalamikia vikali. Hata hivyo inabidi wapewe taarifa, wasikilizwe, na walipwe fidia wakati wa uchunguzi. Kitongoji kilichomezwa na mji ulio kilomita 15 kutoka hapo hakina kura ya maoni yake wala wakili wake. Kingewakilishwa na diwani mmoja kati ya ishirini na moja, naye angekuwa na bahati akipewa dakika tatu za kuzungumza.

Simaanishi kwamba vijiji hivyo vina haki katika kila hoja. Nchi inayojiandaa kujenga vinu vipya Dukovany, baada ya mkataba na Wakorea kutiwa saini mwaka 2025, lazima itafute pa kuweka taka zake, na mwamba wa Vysočina ni mwamba mzuri. Ninachosema ni kwamba mazungumzo kati ya dola na mahali yanahitaji mahali hapo pawe na mtu wa kusaini. Gharama ya kumtunza mtu huyo ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kuchimba shimo katikati ya watu ambao hawakuulizwa.

Ndiyo maana naona njia inayofaa ni ile ambayo Wacheki wameanza kuigusa kwa uoga. Tangu 2024 sheria inaruhusu aina mpya ya jumuiya ya obec, yenye uwezo mpana kuliko vyama vya hiari vilivyotangulia, ambayo inaweza kuajiri mhasibu mmoja, mwanasheria mmoja na msimamizi mmoja wa taarifa binafsi kwa niaba ya vijiji vingi. Serikali ingepaswa kwenda mbali zaidi: ikiondolee kijiji cha watu 20 kila wajibu wa kiofisi usiohusu ardhi, maji, msitu na pesa zake, iuhamishie jumuiya hiyo au mji wa karibu, kisha imwachie starosta saa zake mbili za jioni azitumie kwa mambo yanayohitaji mtu anayekaa pale. Kitabu cha kumbukumbu kibaki kijijini.

Bado iko hatari moja ambayo sheria haiwezi kuiondoa. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 2022 na unaofuata ni wa vuli ya 2026. Pasipopatikana watu watano walio tayari, hapatakuwa na uchaguzi, na Wizara italeta msimamizi asiyejua bomba limepita wapi. Wanne hupatikana. Wa tano ni mzee ambaye amekwisha kusema mara tatu kwamba amechoka, au kijana anayetafuta nyumba Jihlava na bado hajawaambia wazazi. Kwa hiyo jioni moja ya kiangazi starosta atavuka barabara na fomu mkononi, atabisha hodi, na kabla ya kueleza kilichomleta atauliza kwanza viazi vya mwaka huu vinaendeleaje.